Majipu shingoni mwa mbuzi

SWALI: Shikamoo daktari. Mbuzi wangu wanne wamevimba chini ya sikio. Jirani alimtumbua mmoja kwa wembe, usaha ukamwagika zizini. Nimewachoma sindano siku tano, wapi! Nifanyeje? – Mfugaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, na pole sana. Nashuku majipu ya tezi, yanayoletwa na bakteria *Corynebacterium pseudotuberculosis*. Nimeyapasua mengi: usaha mzito kama jibini, mweupe wa kijanikijani, umezungukwa na ganda gumu. Ganda hilo ndilo linaloizuia dawa ya sindano.

Kinachonitia hofu ni ule usaha uliomwagika. Vijidudu vyake huishi udongoni miezi kadhaa, kisha huingia kwenye mchubuko wowote, hata wa mwiba. Kwangua udongo wa pale, uchome moto. Watenge hao wanne leo hii, na wembe ule usiguse mnyama mwingine.

Mwite daktari wa mifugo apasue jipu lililoiva mbali na zizi, asafishe kwa iodini, usaha uchomwe. Vaeni glavu, maana binadamu naye huambukizwa. Maziwa chemsha. Jipu likirudi kwa mbuzi yuleyule, muondoe kundini, ingawa najua inauma.

Una punda? Aina nyingine ya bakteria huyo huwapata pia, na nzi humsambaza.