Ni Seoul Searching hiyo
Mkuu, ile filamu uliyoulizia, ya vijana wa Kikorea waliokulia ughaibuni wakapelekwa kambi ya kiangazi Seoul, ni Seoul Searching ya mwongozaji Benson Lee, 2015. Hadithi yenyewe ni ya 1986, na Lee mwenyewe aliwahi kupitia kambi ya namna hiyo akiwa kijana. Sid katokea Marekani na mavazi yake ya kipanki, Sergio Mexico, Klaus Ujerumani. Sura za Kikorea, mambo yao ya kwingine kabisa!

Vichekesho vingine vimepitiliza, hasa vya ulevi, ila usiizime. Kris, aliyeasiliwa na familia ya Kimarekani, anakutana na mama yake mzazi na hawaelewani lugha, ikabidi Klaus akae katikati atafsiri. Hapo nilisahau hata bisi mkononi. Aliyeigiza Klaus ni Teo Yoo, yule wa filamu ya Past Lives.