Wasomaji Wanauliza: Theodolaiti ya Babu na Vyombo Vingine vya Kale vya Wapima Ardhi

Mwezi huu zimenifikia barua nne zinazohusu vyombo vya zamani vya kupimia ardhi, na kwa kuwa kazi hiyo niliifanya mwenyewe hapa Moshi hadi nilipostaafu, ninazijibu zote pamoja, nikianza na ile iliyonigusa zaidi.

*Marehemu babu yangu aliwabebea wapima ardhi vyombo vyao kwa miaka mingi. Tulipokuwa tukisafisha dari ya nyumba yake tulikuta sanduku la mbao lenye theodolaiti ya shaba, ile darubini ya kupimia pembe, iliyochorwa maneno Kern na Aarau. Wazee wanasema iliachwa na Wajerumani. Nikichungulia, kila kitu kiko kichwa chini miguu juu, na duara lake lina namba hadi 400 badala ya 360, hivyo fundi mmoja ameniambia kwamba imeharibika. Je, nikiisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba itafaa kuwekwa sebuleni? — Binti wa Marangu*

Mwanangu, kabla ya jambo lolote, iweke mbali hiyo dawa ya kung'arishia. Ukitazama pembeni mwa duara utaona ukanda mwembamba wa fedha uliopachikwa ndani ya shaba, wenye mistari myembamba mno kiasi kwamba huisomi bila lenzi. Theodolaiti ni mistari ile. Sehemu nyingine zote zimetengenezwa ili kuibeba na kuisoma. Dawa ya kung'arishia ina chembe zinazokwangua, na fedha ni laini. Nilipokuwa kijana kazini nilikabidhiwa chombo cha namna hiyo nikisafishe, nami kwa bidii nyingi nikakisugua hadi kikameremeta. Siku iliyofuata hakuna aliyeweza kuisoma mistari ya upande mmoja, na chombo kilichokuwa kimefanya kazi kabla sijazaliwa hakikupima tena pembe hata moja. Jambo hilo bado linaniuma. Hata ule weusi ulio juu ya shaba usiuondoe, kwa maana mara nyingi ni vanishi ya kiwandani iliyopakwa makusudi ili kuikinga shaba isiliwe na jasho la mikono.

Usafishaji unaofaa ni wa brashi laini, kama ile ya mchoraji, ya kuondolea vumbi kwanza, kisha kitambaa safi cha pamba. Kwenye skrubu za miguuni tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, na linalozidi lifutwe. Kwenye duara usipake mafuta kabisa, kwa sababu yatakusanya vumbi, na vumbi na mafuta vikichanganyika huwa msasa. Usiifungue darubini. Ile misalaba unayoiona ndani yake, katika vyombo vingi vya zamani, ni utando halisi wa buibui uliochaguliwa kwa sababu ya wembamba na uimara wake, na ukiugusa kwa kitambaa umekwisha.

Sasa kuhusu kuharibika: chombo chako hakijaharibika. Watengenezaji wa zamani waliiacha taswira igeuke juu chini kwa sababu kuisimamisha kulihitaji lenzi za ziada, na kila lenzi hupunguza mwanga. Mpima alizoea kwa siku mbili tatu tu. Zile 400 nazo ni hesabu iliyozaliwa Ufaransa wakati wa mapinduzi yao, ambamo pembe mraba huwa na sehemu 100 badala ya nyuzi 90, na ilienea katika nchi kadhaa za Ulaya bara. Ukitaka nyuzi, zidisha kwa 0.9, ukisoma 250, una nyuzi 225.

Habari ya Wajerumani inahitaji uangalifu. Aarau ni mji wa Uswisi, na karakana ya Kern ilianza huko mwaka 1819, kwa hiyo jina hilo peke yake halithibitishi wala halikanushi masimulizi ya wazee. Majina mengine husema zaidi. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916; chombo kilichoandikwa Wild Heerbrugg hakiwezi kuwa kiliachwa na Wajerumani, kwa sababu karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1921, na kilichoandikwa Cooke, Troughton & Simms vilevile, kwa kuwa kampuni hizo ziliungana mwaka 1922. Tafuta namba ya chombo, iandike daftarini pamoja na yote ambayo wazee wanayakumbuka kuhusu babu yako, na daftari hilo likae ndani ya sanduku. Mimi nalithamini kuliko mng'ao wowote.

Sebuleni iweke, lakini si dirishani penye jua, wala usiifungie ndani ya sanduku msimu mzima wa masika. Huko Marangu unyevu ni mwingi, na kuvu huota juu ya lenzi kama nyuzi za pamba na kula kioo chenyewe. Vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinasaidia, mradi uvibadilishe.

*Shule yetu imepewa levo ya zamani, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, pamoja na stafu yake ya mbao, ile fimbo ndefu yenye namba. Ninataka wanafunzi wa kidato cha tatu waitumie kupima mteremko wa uwanja. Nitajuaje kama bado inasema kweli? — Mwalimu wa Hisabati, Njiro, Arusha*

Mwalimu, swali lako limenifurahisha, kwa sababu chombo cha kupimia kinachotumiwa kwa uangalifu hudumu kuliko kinachotazamwa tu kabatini. Jaribio lake ni la vigingi viwili, na wanafunzi wako wanaweza kulifanya asubuhi moja.

Pigilia vigingi viwili, A na B, umbali wa mita 60. Simamisha levo katikati kabisa, weka kile kiputo cha hewa katikati ya kichupa chake, kisha soma stafu kwenye kila kigingi. Tuseme A inasoma mita 1.425 na B mita 1.310. Tofauti ni 0.115, na tofauti hiyo ni ya kweli hata kama darubini imeinama, kwa sababu umbali wa pande zote mbili ni sawa na kosa limeingia sawa kila upande, likajifuta. Sasa hamishia levo karibu na A, mita mbili au tatu hivi, na usome tena. Ikiwa A inasoma 1.502, B inapaswa kusoma 1.387. Ikisoma 1.393, mstari wa darubini unapanda milimita 6 katika takribani mita 60.

Skrubu za kurekebisha misalaba zipo, lakini sikushauri uziguse, kwa maana ni ndogo, ni za zamani, na ikivunjika moja kuipata nyingine ni shida. Tumia njia waliyoitumia wapima hodari hata walipokuwa na vyombo vipya: kila mara simamisha levo katikati ya pointi mbili unazozisoma. Hesabu za wanafunzi zitatoka sahihi kwa chombo chenye kosa, na nadhani hakuna somo la hisabati lililo zuri kuliko hilo. Waambie pia kwamba darubini haielekezwi kwenye jua hata kwa nukta moja. Baada ya kazi miguu ya mbao ifutwe udongo na itundikwe ukutani, isisimamishwe sakafuni ambako mchwa wataifikia.

*Nimeuziwa dira ya kijeshi ya zamani. Sindano yake imeinama na inakwaruza kioo, na namba zake zina rangi ya njano. Je, niifungue? — Msomaji, Pasua, Moshi*

Usiifungue. Rangi hiyo huenda ina radiamu, iliyotumiwa zamani ili namba zing'ae gizani. Mng'ao wake hufifia baada ya miaka michache, lakini radiamu hupungua kufikia nusu baada ya takribani miaka 1,600, na unga wake ukivutwa puani au kumezwa ni hatari. Iache na kioo chake, isikae chumba cha kulala, na watoto wasiichezee. Kuinama kwa sindano hakuna ajabu: huenda dira hiyo ilisawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ambako sindano huvutwa chini upande wa kaskazini, ilhali huku kwetu ncha ya kusini ndiyo inayozama. Katika dira za wapima kulikuwa na kiwaya kidogo kilichozungushwa kwenye sindano ili kisogezwe kulingana na nchi. Kumbuka pia kwamba miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru ina chuma, nayo inaweza kuipotosha dira nzima hata iliyo mpya, sawa na paa la mabati.

*Nina cheni ya chuma ya wapima yenye pingili 100. Je, ninaweza kuitumia kumaliza ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la ukoo, na jirani yangu? — Mzee wa Kibosho*

Mzee mwenzangu, cheni hiyo ni mpango wa Mwingereza Edmund Gunter wa mwaka 1620. Ina urefu wa futi 66, yaani mita 20.12, na uzuri wake ni kwamba cheni moja kwa cheni kumi ni eka moja kamili. Eka ileile tunayoitaja hadi leo sokoni na mashambani imetoka hapo. Hata ule mtindo wa kuhesabu hatua 70 kwa 70 unaikaribia sana, kwa sababu hatua moja ni kama yadi, eka ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900.

Lakini cheni ya zamani hurefuka. Kila pingili imeunganishwa kwa pete, na kila pete ikilika kidogo tu, mwishoni umepata sentimita kadhaa za bure. Ilinganishe kwanza na tepu mpya ya chuma ya kupimia, na utaona mwenyewe.

Kuhusu ugomvi, hapana. Kwa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura 324, upimaji unaokubalika kisheria ni wa mpima anayeruhusiwa na sheria hiyo, na upimaji wako mwenyewe, hata ukiwa sahihi, jirani ataupinga kwa haki. Masale, ile mimea ya mpakani, yaliyopandwa na wazazi wenu msiyang'oe wala kuyasogeza hadi mpima afike, kwa maana ndiyo ushahidi wa kwanza atakaoutafuta, na wazee wanaokumbuka yalipopandwa wawepo siku hiyo. Cheni ipake mafuta kidogo, ikunje kuanzia katikati, pingili mbilimbili, kama tulivyokuwa tukifanya jioni, na uitundike mahali pakavu.