Kwa mguu mpana, tafuta upana wa kiatu kabla ya kuongeza namba

Dada aliyeuliza ameeleza kwamba kila siku huvuka feri kutoka Likoni, hupanda kwa miguu barabara ya Nyerere mpaka Digo Road, kisha husimama kazini kutwa. Kwa sababu miguu yake ni mipana, hununua viatu vya namba 41 ingawa kwa urefu yeye ni wa 39, na hata hivyo kidole cha mwisho kinachubuka huku kisigino kikipwaya. Mimi nina miguu ya aina hiyo hiyo, na kazi yangu ya uwakala wa forodha hunitembeza kati ya Kilindini na mjini juani na mvuani, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili linawatesa watu wengi bila sababu.

Kiini chake ni kwamba namba ya kiatu hupima urefu. Katika vipimo vya Ulaya, ambavyo ndivyo tunavyovikuta zaidi madukani kwetu, kila namba huongeza theluthi mbili za sentimita, na anayetoka 39 kwenda 41 ameongeza zaidi ya milimita 13 za urefu, ilhali upana umeongezeka kidogo tu. Isitoshe, kiatu hutengenezwa kikunjike mahali maalumu, penye vifundo vya vidole, na mwinuko wa ndani huwekwa ukabili uvungu wa unyayo. Kiatu kikizidi urefu, mahali pa kukunjika na mahali papana zaidi husogea mbele, na sehemu pana ya mguu hubaki imekaa pale ambapo kiatu ni chembamba. Ndiyo maana kidole cha mwisho kinaendelea kubanwa ndani ya kiatu ambacho kwa macho ni kikubwa. Ukiteremkia feri kwenye ule mteremko wa Likoni, na umati ukikusukuma kwa nyuma, mguu huteleza mbele, kisigino huinuka, na vidole hujikunja vikijaribu kukishika kiatu kisivuke. Uchovu wa miguu unaousikia jioni, dada yangu, sehemu yake inatoka hapo.

Kwa hiyo anza kwa kujipima, tena jioni baada ya kazi, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyoendelea, na kwa joto letu la pwani uvimbe huo hauwi mdogo. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote ukiwa umevaa soksi utakazotumia, na mtu mwingine auzungushie mguu kalamu iliyosimama wima, kwani kalamu ikilala chini ya mguu itapunguza upana. Pima miguu yote miwili na uufuate ule mkubwa. Kipimo cha kwanza ni kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili wala si gumba. Kipimo cha pili ni cha upana wa mguu, kutoka kifundo cha gumba hadi kifundo cha kidole cha mwisho. Kisha kata umbo hilo kwa mkasi, ulitie mkobani, uende nalo sokoni.

Ukifika kwa muuzaji, usianze kwa kuvaa. Vuta soli ya ndani, ile nyembamba inayotoka, uiweke chini na usimame juu yake. Mguu ukimwagika pembeni ya soli hiyo, kiatu hicho si chako hata kama kina ngozi laini kiasi gani, na hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya takriban sentimita moja. Kama soli ya ndani imegandishwa na haitoki, ile karatasi yako itateleza ndani ya kiatu na kukuonyesha ukweli: ikijikunja kingo, rudisha kiatu mahali pake. Angalia pia umbo la pua. Kuna viatu vipana katikati ambavyo huchongoka ghafla mbele, na mguu mpana unahitaji pua ya mviringo au ya mraba kidogo, yenye kimo cha kutosha ili vidole visiguse kwa juu.

Kuna viwanda, New Balance na Brooks vikiwa miongoni mwao, vinavyotengeneza namba moja kwa upana tofauti na kuuonyesha kwa herufi, mara nyingi kwenye kibandiko cha ulimi wa kiatu au kwenye boksi. Kwa viatu vya wanaume D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, na 4E ni mpana zaidi. Kwa vya wanawake B ndiyo ya kawaida, D ni mpana, na 2E ni mpana zaidi. Zingatia kwamba D ya mwanamke ni pana kwa kipimo cha wanawake lakini kwa wanaume ni ya kawaida tu. Hapo ndipo penye njia nyepesi kwako: raba ya kiume kwa kawaida ni pana kuliko ya kike ya urefu ule ule, na kwa kuwa namba za Ulaya hazitofautishi wanaume na wanawake, jaribu 39 ya kiume kabla ya kufikiria 41 ya kike. Ukikutana na namba za Kimarekani, toa moja na nusu kutoka namba yako ya kike ili upate ya kiume.

Mimi viatu vyangu vingi nimevipata kwenye mitumba ya Kongowea, kwa sababu ndani ya marobota hutokea viatu vya 2E na 4E ambavyo kwenye maduka ya mjini ni nadra kuviona. Lakini mtumba una hatari yake. Kubonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba hakutoshi. Geuza kiatu, kiweke mezani, ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikanyagia upande huo, nawe utapindishwa vivyo hivyo. Soli za polyurethane huharibiwa na unyevu hata zikikaa bila kuvaliwa, zikaanza kupasuka na kumegeka kama mkate mkavu, na hewa ya Mombasa haizionei huruma. Kunja kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji, na ukiona nyufa ndogondogo kwenye soli, shukuru na uondoke.

Kuhusu kuushikilia mguu, ningependa kusema wazi kwamba ulaini si uimara. Raba ambayo mguu unazama ndani yake hupendeza dukani, ila baada ya kusimama saa kadhaa mguu hulalia upande na goti hufuata. Bana ukuta wa nyuma, unaozunguka kisigino, kwa vidole viwili, usibonyee kirahisi. Kikunje kiatu: kikunjike penye vifundo vya vidole, si katikati ya uvungu. Kishike mbele na nyuma ukisokote. Kiwe na ukinzani. Mwenye uvungu mdogo, au nyayo bapa kabisa, asikimbilie kununua soli nene za kuongezea, maana huinua mguu na kuumeza ule upana alioutafuta kwa taabu. Akihitaji soli hiyo, aitoe kwanza ya asili.

Kamba nazo zina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Pale penye upana, usizipishanishe: pitisha kila kamba moja kwa moja kwenda tundu la juu yake, upande ule ule, kwa tundu moja au mawili, kisha endelea kuzipishanisha juu. Mgandamizo huondoka juu ya vifundo, na kisigino hubaki kimefungwa. Kama kuna tundu la ziada karibu na kifundo cha mguu, litumie.

Fundi viatu anaweza kukusaidia kwa kiatu cha ngozi halisi. Mmoja wa Mwembe Tayari alinipanulia jozi kwa kalibu ya mbao, akaongeza kinundu kidogo penye kifundo cha gumba tu, na kiatu kikakaa vizuri. Kwa kiatu cha plastiki au kitambaa kigumu sikushauri, kwani hurudi kilivyokuwa au hupasuka kwenye mshono.

Mwenye kisukari asitegemee hisia peke yake, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuutia ganzi mguu mzima asijue anabanwa. Apitishe mkono ndani ya kiatu kila asubuhi, aitazame miguu yake kila jioni, na amwone daktari kwa kidonda chochote hata kidogo. Vilevile mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake, hilo ni la hospitali, si la kubadilisha kiatu.

La mwisho, kabla ya kulipa, mkubaliane na muuzaji kwamba unaweza kubadilisha. Vaa viatu nyumbani juu ya sakafu safi kwa jioni moja, upande na kushuka ngazi, kisha vua soksi utazame ngozi ya kidole cha mwisho na ya nyuma ya kisigino. Ukiona alama nyekundu ambayo haijafutika baada ya nusu saa, virudishe kesho yake soli zikiwa bado safi.