Ufuo ni wa nani, na uende saa ngapi? Maswali yenu ya likizo ya pwani

Barua za wiki hii nyingi zimetoka kwa watu wanaofunga mizigo kwenda pwani. Nimechagua saba. Mbili za kwanza zinahusu kufukuzwa, na naona hofu hiyo imewashika wengi.

Hoteli zimepangana ufuo mzima. Nitajuaje ni wapi pa umma na ni wapi pao?

Angalia chini kabla ya kuangalia ukuta. Maji yakijaa huacha mstari wa mwani, vijiti na magamba ya kaa, na sheria za nchi nyingi zinaanzia karibu na hapo. Marekani kila jimbo lina lake: California, ardhi iliyo chini ya wastani wa maji kujaa ni ya umma, ila mchanga mkavu ulio juu yake unaweza kuwa wa mtu. Hawaii mpaka unapanda hadi pale mawimbi makubwa ya msimu yanapofika. Oregon walipitisha sheria mwaka 1967 inayowapa watu wote haki ya kutumia hata mchanga mkavu, mpaka majani yanapoanza kuota. Nchini Barbados hakuna mjadala: fukwe zote ni za umma.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, mambo ni kinyume. Kwa amri ya kikoloni ya miaka ya 1640, mtu anaweza kumiliki ufuo hadi maji yanapokupwa, na mgeni ana haki ya kuwa hapo akiwa anavua samaki, anawinda ndege au yumo chomboni. Ndiyo maana wapo wanaotania kwamba huko ukitaka kutembea kwa raha, beba mshipi wa kuvulia.

Kwa hiyo soma sheria ya unakokwenda kabla ya kusafiri. Na usichanganye mambo mawili: kiti na mwavuli ni vya hoteli, lakini hilo halimaanishi kwamba mchanga uliovibeba ni wake. Mhudumu akikuambia uondoke, muulize kwa upole, "Kwenye kiti au kwenye mchanga?" Mara nyingi jibu hubadilika.

Ramani inaonyesha ufuo, nikifika naona kuta na mageti tu. Njia iko wapi?

Iko, ila imejificha. Tafuta kichochoro kati ya nyumba mbili, ngazi zisizo na mapambo, kibao kidogo kilichomezwa na maua. Wafuate watoto wenye ndoo. Muulize mvuvi, si mlinzi wa geti.

Na usiamini kila kibao. Malibu, huko California, wapo wenye nyumba waliowahi kuweka vibao bandia vya kukataza kuegesha magari ili watu wasifike ufuoni. Tume ya pwani ya jimbo hilo huchapisha mwongozo wa njia za umma, na maeneo mengine yana orodha za aina hiyo. Chukua ya unakokwenda ukiwa bado nyumbani.

Nilifika saa sita mchana nikakuta tope, mawe na bahari iko kule mbali. Nilikosea ufuo?

Hukukosea ufuo, ndugu yangu, ulikosea saa. Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku katika pwani nyingi, na kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata hupita kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku ratiba inasogea mbele karibu dakika 50. Picha iliyokuvutia ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Ungerudi jioni ungeukuta ufuo uleule umevaa nguo nyingine.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Mahali nako kuna neno lake. Pwani nyingi za Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, ilhali Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hufika mita 16 hivi.

Jambo linalowaponza wageni ni mwendo wa maji. Hayapandi kwa kasi moja. Tuseme yatapanda mita 3 kwa saa sita: saa ya kwanza yanaongezeka kama sentimita 25 tu, unasema bado, unaendelea kuokota makombe. Saa ya tatu na ya nne yanaongezeka sentimita 75 kila moja. Mimi nilitandika mkeka kwenye mchanga mkavu, chini kidogo ya ule mstari wa mwani, nikalala. Niliamshwa na ubaridi kwenye kisigino. Kandambili moja ilikuwa pembeni yangu, ya pili ilikuwa inaelea taratibu kama mtumbwi usio na mwenyewe. Mwani ulikuwa umeniambia maji yatafika wapi, sikuusoma.

Kwa anayetembea chini ya majabali au kuvuka kwenda kisiwani kwa miguu, kosa hilo halichukui kandambili tu. Angalia ratiba ya maji ya siku hiyo, na anza kurudi kabla maji hayajageuka.

Mume wangu anasema pale katikati panapotulia, pasipovunjika mawimbi, ndipo salama kwa watoto. Kweli?

Hapana, mama, na ninaomba umsomee jibu hili kwa sauti. Mawimbi yanaleta maji ufuoni, na maji hayo lazima yatafute pa kurudia. Yakipata uchochoro kati ya mafungu ya mchanga, yanatoka yote kwa mkupuo. Ukiwa juu utaona ukanda uliotulia kuliko jirani zake, mara nyingi wenye rangi nzito zaidi, au povu na mchanga unaokimbilia nje. Ule utulivu ndio mkondo wenyewe.

Ukikukamata, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Mkondo unaweza kwenda mita mbili kwa sekunde, na hata muogeleaji wa mashindano hauwezi. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje. Elea, pumua, inua mkono kuita msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye ukanda wake, kisha rudi mahali mawimbi yanapovunjika. Kwa watoto, chagua ufuo wenye waokoaji na muoge mbele yao.

Bendera za ufuoni zina maana gani?

Nyekundu juu na njano chini: hapo kuna waokoaji, oga kati ya bendera hizo mbili. Nyekundu tupu ni hatari, na mbili nyekundu ni marufuku kuingia majini. Zambarau ni viumbe wenye sumu kama konyeza. Bendera ya Buluu ni kitu kingine kabisa: ni tuzo ya usafi na huduma, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, na haikuambii lolote kuhusu mawimbi ya leo. Hata penye tuzo, baada ya mvua kubwa mimi siogi kwa siku tatu karibu na mdomo wa mto au mfereji.

Naweza kurudi na makombe na chupa ya mchanga mweupe?

Mchanga uache. Sardinia, Italia, faini yake ni kuanzia euro 500 hadi 3,000. Na kama ni mweupe wa pwani ya matumbawe, sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samaki anayetafuna mwamba na kuutoa upande wa pili ukiwa unga.

Kombe tupu, fuata sheria ya mahali. Lenye mwenyewe ndani liache, hasa lile la umbo la pia lenye madoadoa mazuri: baadhi ya konokono hao wana mwiba wenye sumu ya kuua mtu. Uzuri wake ndio unaowaponza watu.

Tuna siku moja tu. Tuzunguke fukwe ngapi?

Mbili. Kama maji yanakupwa saa tatu asubuhi, nendeni kwanza penye miamba, mvae viatu, mchungulie vidimbwi. Mchana tafuteni kivuli mle chakula. Kufikia saa tisa maji yatakuwa yamejaa. Hamieni ufuo wa mchanga wenye waokoaji, na mkiingia majini burutani miguu chini badala ya kuinua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani asikie mnakuja akimbie. Mkeka mtandike upande wa juu wa mstari wa mwani.