Timu ya mpwa wangu imeshinda mechi 20. Mbona anasema bado hawajafuzu?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mpwa wangu anacheza basketi chuo kimoja huko Marekani, Daraja la Kwanza la NCAA (chama cha michezo ya vyuo), konferensi ya kati, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana wao kwa wao, siyo zile kubwa. Tuko katikati ya Februari na wanaongoza msimamo: wameshinda 20, wamepoteza 6. Sisi nyumbani tumeshaanza kushangilia. Lakini kijana mwenyewe akipiga simu anasema, "Mjomba, bila kombe la konferensi hatuendi." Nimeingia mtandaoni nikakuta wako nafasi ya 84 kwenye kitu kinaitwa NET, halafu mafungu manne: la kwanza 0-2, la pili 1-1, la tatu 5-2, la nne 12-1. Nikijumlisha ushindi sipati 20. Je, timu ya ushindi 20 inaweza kuachwa kweli? Na washinde mechi ngapi zaidi ili wawe salama? (Mjomba, Mwanza)

JIBU: Mjomba, salamu nyingi. Mpwa wako amekwambia kweli. Kwa namba hizo, timu yake ina njia moja tu ya kwenda mashindano ya NCAA: kubeba kombe la konferensi mwezi Machi. Hata wakishinda mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida hawatakuwa salama, na naomba ulijue hilo sasa kuliko kuja kuumia Jumapili ya uteuzi, siku majina ya timu yanaposomwa.

Mwaka 2025 mashindano ya wanaume yalikuwa ya timu 68, kama ilivyokuwa tangu 2011, na tiketi ziko za aina mbili. Msimu wa 2024-25 zilikuwapo konferensi 31, na kila moja ilitoa tiketi moja ya moja kwa moja. Karibu kila mahali anayeichukua ni yule aliyeshinda mtoano wa mwisho wa msimu, hata kama aliyeongoza msimamo tangu Januari ni mwingine. Tiketi 37 zilizobaki ziligawiwa na kamati ya watu 12, wakurugenzi wa michezo wa vyuo na wakuu wa konferensi, ambao hujifungia, hupitia karatasi ya kila timu na kupiga kura. Swali lako linahusu hizo 37.

Kwanza hesabu iliyokukatalia. Mafungu yanakupa ushindi 18. Miwili iliyopotea bila shaka waliipata dhidi ya vyuo visivyo vya Daraja la Kwanza, vile vinavyoalikwa Novemba kuja kucheza mechi nyepesi. Ushindi huo unaonekana kwenye rekodi ya gazetini, ila NET hauutambui. Kwa hiyo mbele ya kamati mpwa wako hana 20-6, ana 18-6.

NET ndiyo orodha ambayo NCAA ilianza kuitumia msimu wa 2018-19 badala ya fomula ya zamani ya RPI. Inazipanga timu zote za Daraja la Kwanza kwa vitu viwili: umemfunga nani na wapi, na ubora wa timu kwa kila shambulizi, yaani pointi unazofunga ukitoa unazofungwa, zikirekebishwa kwa nguvu ya mpinzani na mahali mlipochezea. Orodha hiyo ikishatoka ndipo kila mechi inawekwa kwenye fungu lake, na hapa ndipo wazazi na wajomba wengi wanapopotea, kwa sababu fungu linategemea uwanja pia.

Ukicheza nyumbani, mpinzani lazima awe kati ya 1 na 30 ndipo mechi ihesabiwe fungu la kwanza. Kwenye uwanja huru, usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili, anatosha kuwa ndani ya 50, na ugenini ndani ya 75. Fungu la pili linaishia 75 nyumbani, 100 uwanja huru, 135 ugenini. La tatu linaishia 160, 200 na 240. Wengine wote ni la nne. Ina maana kumpiga wa 70 kwao kunawekwa kapu moja na kumpiga wa 30 kwako. Aliyewahi kusafiri na timu usiku kucha kwa basi, akashuka na miguu imevimba kuingia ukumbi wa watu wanaomzomea, ataona haki ya hesabu hiyo.

Tena fungu haligandi. Linafuata nafasi ya mpinzani ilivyo leo, siyo ilivyokuwa siku mliyocheza. Uliyemfunga Novemba akizidi kupanda, ushindi wako unapanda naye. Ndiyo maana utamkuta kijana wako anashangilia timu ambayo wewe hujui inamhusu nini.

Sasa tazama karatasi yake kama kamati inavyoitazama. Hana ushindi hata mmoja wa fungu la kwanza. Ana mmoja wa la pili. Ushindi 12 kati ya 18 umetoka fungu la nne, na hukohuko amepoteza mmoja, jambo ambalo wajumbe hawalisahau. Nafasi ya 84 iko mbali. Timu iliyowahi kuteuliwa ikiwa chini kabisa kwenye NET, kwa ninavyokumbuka, ni Rutgers ya 2022, ikiwa ya 77. Lakini hao walikuwa wamewapiga Purdue walipokuwa namba moja nchini, na Februari wakawafunga Michigan State, Ohio State, Wisconsin na Illinois mfululizo. Pamoja na hayo yote walipelekwa Dayton, Ohio, kwenye mechi za awali zinazochuja timu za mwisho kuingia, na wakatolewa hapohapo na Notre Dame.

Utasema: basi wangepanga mechi ngumu zaidi. Hapa mjomba panauma, kwa sababu kwa timu kama hiyo jambo lenyewe haliko mikononi mwao. Vyuo vikubwa havina haja ya kwenda kucheza kwenye ukumbi mdogo wa timu nzuri isiyo na jina. Vinaweza kuilipa makumi ya maelfu ya dola ije kwao mara moja, bila mechi ya marudiano. Hapo timu ndogo inapata mechi mbili au tatu za fungu la kwanza kwa msimu mzima, zote ugenini, wakati timu ya konferensi kubwa kama SEC au Big Ten inakutana na mechi za namna hiyo karibu kila wiki ndani ya konferensi yake. Huyo mkubwa anaweza kupoteza kumi na bado akawa na nafasi ya kushinda sita. Mpwa wako akipoteza mbili, mtihani umekwisha.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi. Mwaka 2025, kati ya tiketi 37 za kuteuliwa, 33 zilikwenda kwa konferensi tano tu: SEC, Big Ten, Big 12, Big East na ACC. Nne zilizobaki zilichukuliwa na Mountain West na West Coast. Konferensi nyingine zote nchini, zaidi ya ishirini, hazikupata hata moja. SEC peke yake iliingiza timu 14 kati ya 16, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa kabla. Mwaka huohuo North Carolina waliteuliwa wakiwa wameshinda mechi moja tu ya fungu la kwanza na kupoteza 12, huku West Virginia, waliokuwa na ushindi sita wa fungu hilo, wakiachwa. Maneno yalikuwa mengi, hasa kwa kuwa mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina, ingawa kanuni humtoa mjumbe chumbani chuo chake kinapojadiliwa. North Carolina walikwenda Dayton wakawapiga San Diego State 95-68. Mimi bado naona West Virginia walionewa. Mechi moja nzuri ya Machi haiwezi kurudi nyuma ikafuta kumi na mbili.

Lakini kisa kinachofanana na cha mpwa wako, na ambacho huwasimulia vijana wangu kabla hawajapanda ndege, ni cha Indiana State mwaka 2024. Timu ya konferensi ya kati ya Missouri Valley, ilicheza basketi tamu kuliko nyingi za majina makubwa: pasi za haraka, kila mtu anapiga pointi tatu, mpaka mchezaji wao wa kati, Robbie Avila, aliyekuwa akichezesha timu kama mgawa mpira na miwani yake usoni. Waliongoza konferensi na walikuwa ndani ya 30 bora kwenye NET. Wakafika fainali ya mtoano pale St. Louis, wakafungwa na Drake 84-80. Wakawa 28-6. Ilikuwa wiki nzima kabla ya Jumapili ya uteuzi, na wiki hiyo walikaa bila mechi, wakitazama wengine wakicheza na hatima yao.

Yaliyotokea ndiyo kila timu ya ukingoni huyaogopa. Timu ambazo hazikuwa na matumaini ya kuteuliwa zilianza kubeba makombe ya konferensi zao. NC State, waliomaliza wa kumi kwenye ACC, walishinda mechi tano kwa siku tano. Oregon wakabeba la Pac-12. Jumapili yenyewe, saa chache kabla ya majina kusomwa, Duquesne na UAB nao wakashinda. Kila mshindi wa namna hiyo anachukua tiketi ya konferensi yake, na yule mkubwa aliyetarajiwa kuichukua anahamia kwenye zile za kuteuliwa. Mstari unasogea juu, na aliyesimama ukingoni anadondoka. Indiana State walidondoka. Walikwenda NIT, mashindano ya timu zilizokosa NCAA, wakafika fainali, wakafungwa na Seton Hall 79-77, na Seton Hall nao walikuwa wameachwa na kamati ileile. Ikiwa timu ya ushindi 28 iliyo ndani ya 30 bora iliachwa, ya 84 itegemee nini?

Msiwaze kwamba hii ni balaa ya wadogo peke yao. Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar es Salaam, alipoingia Connecticut msimu wa 2006-07, chuo hicho chenye vikombe kilimaliza 17-14, kikakosa NCAA na kikakosa hata NIT. Miaka miwili baadaye kilipangwa namba moja katika kanda yake (sehemu yake ya ratiba ya mashindano) na kikafika nusu fainali ya taifa Detroit, naye akawa mchezaji bora wa Big East pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh, kisha akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Mwaka mmoja bila tiketi haukumfungia mlango, na nakwambia hivi kwa sababu najua nyumbani mna hofu kwamba maskauti hawatamwona kijana. Wanamwona. Wanazo video za kila mechi, hata zile za Jumanne usiku mbele ya watu mia nne.

Basi mechi zilizobaki zina kazi gani? Zina kazi kubwa, ila siyo ile mnayoifikiria. Anayeongoza msimamo hupangwa vizuri kwenye mtoano. Kuna konferensi, kama Patriot League na America East, ambako aliye juu huchezea nyumbani kwake mpaka fainali. Kwingine wote hukusanyika mji mmoja, na aliye juu hupumzishwa raundi moja au mbili. Muulize kijana wako, wao wanacheza wapi? Kama ni nyumbani kwa aliye juu, kila ushindi wa Februari unawapa mechi ya Machi mbele ya watu wao wenyewe. Kama ni mji mmoja, mapumziko ya raundi yana maana ya miguu: kushinda tatu kwa siku tatu si sawa na kushinda tano kwa siku tano, hata kama NC State waliweza.

Kazi ya pili ni namba ya upangaji. Wakibeba kombe, kamati itawapa namba ndani ya kanda kwa kutazama karatasi hiyohiyo. Tofauti ya kuwa wa 13 na kuwa wa 15 ni tofauti ya kuanza na timu iliyopangwa namba 4 badala ya iliyopangwa namba 2. Kwa hiyo wakiwa mbele kwa pointi 15 dhidi ya timu ya mkiani, kocha wao akiendelea kudai ulinzi, asilaumiwe. Mashambulizi hayo yanaingia kwenye NET.

Tafuta leo tarehe ya mtoano wa konferensi yao, kwa sababu konferensi za kati nyingi humaliza siku kadhaa kabla ya zile kubwa, na msije mkakosa. Jumapili ya uteuzi majina husomwa jioni kwa saa za mashariki mwa Marekani, na kwa kuwa saa zao huwa zimeshasogezwa mbele, kwetu inakuwa saa saba usiku kuamkia Jumatatu. Wakibeba kombe, amsheni watoto wote. Wasipobeba, mpigie kijana simu usiku huohuo kabla hajalala, umsikilize tu.