Kwa nini ikoni nyingine hazibadiliki rangi

Ndugu, umeuliza kwa nini umewasha ikoni za mandhari (alama za programu zinazogeuzwa rangi moja kufuata picha ya nyuma ya skrini) na bado nusu ya programu zimebaki na rangi zake. Simu yako ni nzima. Kwenye Android 13, iliyotoka 2022, mtengenezaji wa programu ndiye huweka mchoro wa rangi moja wa ikoni yake. Asipouweka, ikoni hukaa ilivyo.

Mimi nilizizima kabisa. Mama yangu, huko Jinja, Uganda, hasomi yale maandishi madogo: programu ya kulipia ya MTN anaijua kwa njano, ya Airtel kwa wekundu. Nilipomwekea zote mbili kijivu, alisimama sokoni akibonyeza huku na huku, muuza sato ameshamfungia samaki anasubiri kulipwa. Iliniuma sana. Kwenye simu ya mzee, tafadhali ziache rangi zake.