Mke wangu aliishia darasa la tano, nimpandishe vipi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Busia, upande wa Uganda, nina shahada ya uzamili. Mke wangu, miaka 42, aliishia darasa la tano, anauza mahindi. Ada yangu ya uzamili alisaidia kidogo. Nikimweleza mambo ya maana anakasirika. Hata mwaka 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu, nilimfafanulia kisayansi habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka iliyotajwa kuwa sababu, akanifokea. Juzi nilimsahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka. Mwalimu mwenzangu mmoja wa kike ndiye anayenielewa. Nifanyeje? — Mwalimu, Busia*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba kununa. Pole yangu inaishia hapo, maana katika barua hii anayeniuma ni mkeo.

“Alisaidia kidogo.” Kidogo hicho ni magunia mangapi? Hukuandika, na najua kwa nini.

Halafu hiyo Machi 2021. Malori yamekwama mpakani, mtaji wa mwenzio uko juu ya lori, hajui kesho atamlipa nini aliyemkopesha, nawe unamkalisha umfundishe kuvu! Wauza mahindi nawafahamu. Mama anaanika kwenye turubai, anayageuza juani mchana kutwa, anang'ata punje asikie kama imekauka. Mnunuzi akija na kipimo chake cha kutafuta unyevu usiozidi asilimia 13.5, mama keshajua. Huyo ndiye wa kusomeshwa sumukuvu? Siku ile alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa turubai.

Na darasa la tano hakuishia kwa uzito wa kichwa. Masomo ya msingi bila ada yalianza Uganda mwaka 1997. Kwa umri wake, yalimkuta ameshatoka. Kabla ya hapo, nyumba nyingi fedha zikipungua, binti ndiye aliyerudishwa jikoni ili kaka aendelee. Jiulize dada zako waliachia darasa la ngapi, wewe ukavaa joho.

Ninyi wasomi wa siku hizi mnanisikitisha. Mtu akishapata cheti, mkewe anakuwa mwanafunzi, mama mkwe mshamba, jirani mjinga. Watoto wanasikia baba anavyomdharau mama, kesho nao wanamdharau. Mdharau mwiba humchoma, nawe umeshachomwa: unakula peke yako.

Waite wageni walewale. Useme mbele yao, kwa Kiswahili au lugha ya kwao anayoipenda, kwamba ulimkosea na kwamba fedha zake ndizo zilizokusomesha. Utaje kiasi. Asipokusemesha wiki hiyo, usimfokee, ana haki.

Na huyo mwalimu “anayekuelewa” hajakulisha, hajakuuguza, wala hajakulipia ada. Barua ilikuwa ya kumhusu mkeo, yeye kaingiaje humo? Acha kumpelekea habari za nyumba yako, kuanzia leo.